Bastola ya Mbao na Safari ya Mukandekezi

Jamani, nimechoka kuulizwa. Kila anayekuja kwangu kupunguziwa gauni anaanza na kiuno anamalizia na Mukandekezi. Mmoja kasikia mama mzee alikamatwa na bunduki ya kweli. Mwingine kasikia alikuwa anaipeleka vitani, astaghfirullah. Mimi nilikuwepo, na sehemu ya kosa ni yangu, kwa hiyo nitasema mara moja tu, kisha mniache na cherehani yangu.

Naitwa Mama Mucyo. Nashona katika soko la Kimironko, upande wa vitenge, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Baba wa babu yangu alikuja huku na wafanyabiashara wa pwani, akaoa, akabaki, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani. Mukandekezi alikuwa anauza maharage hatua chache kutoka kwenye meza yangu. Binti yake, Shakira, nimemjua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Shakira aliolewa na Gasana, mchongaji wa vinyago mwenye kibanda karibu na makutano ya Sonatubes, pale ambapo kila gari linaloelekea uwanja wa ndege linapunguza mwendo. Hao ndio watu wa kisa hiki, wala hamhitaji kukumbuka wengi zaidi.

Yalianza siku nzuri kabisa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ambapo hata magari husimama, tumeshafagia mtaro na kufyeka majani, tumekaa uani kwa Gasana tunakunywa chai ya tangawizi. Barabara bado zimetulia. Gasana anapiga msasa ng'ombe wake wa pembe ndefu, yule anayependwa na wageni. Mukandekezi amekaa mkekani, kando kidogo, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, anachambua maharage. Alikaa kando kwa sababu ya mkwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanapendana kwa mbali, kwa maneno machache, na kila mmoja anamlindia mwenzake heshima.

"Mwakani, inshallah, nitakuwa Maka," alisema, kama alivyosema kila mwaka. Safari hii lakini alikuwa na haki ya kusema. Miaka kumi na minane alikuwa anaweka akiba ya pesa za maharage, na jina lake sasa lilikuwa kwenye orodha ya msafara wa mahujaji. Alikuwa na miaka sabini na moja, mjane, na hakuwa akitaka kitu kingine duniani. Nyumba hakutaka, simu kubwa hakutaka. Alitaka kuiona Kaaba kwa macho yake kabla hayajafumba.

Basi, tukiwa hapo, akaingia mgeni. Kijana wa nje, begi mgongoni, dereva wake alikuwa anasubiri umuganda uishe ndipo ampeleke kwenye ndege. Akaangalia ng'ombe, akaangalia korongo wa mbao, akawaweka chini. Akamuuliza Gasana kama anaweza kumchongea bastola. Ndogo tu, ya kuweka kwenye meza ofisini, watu wacheke.

Gasana alicheka yeye kwanza. Kisha akachukua kipande cha mbao kilichobaki, na kwa saa moja na nusu akawa ameimaliza. Mkono wa mtu yule una baraka, hilo sitamnyima. Akaipaka rangi ya kiatu nyeusi, ikang'aa. Mgeni alilipa bei ya ng'ombe wawili wa mbao, akaondoka anafurahi. Mukandekezi aliinua macho mara moja, akaona kile kitu mkononi mwa mkwe wake, akarudi kwenye maharage yake.

Baada ya mwezi kulikuwa na bastola nne kwenye kibanda. Baada ya miezi mitatu ng'ombe walikuwa rafu ya chini, na rafu ya juu yote ilikuwa nyeusi. Wageni wa mikutano, wale wanaokutana kwenye kumbi za mtaa wa Kimihurura, walikuwa wanasimamisha gari, wanachagua, wanapiga picha, wanaondoka. Gasana akaanza kuweka kipande cha bomba la chuma ndani, alikipata kwa mchomeleaji wa jirani, ili kitu kiwe na uzito. Kisha akaweka na chemchemi ndogo, ukivuta kifyatulio kinalia tak. Wanaume wazima walikuwa wanasimama pale wanavuta tak, tak, tak, wanachekelea.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nashona mifuko. Mnajua hapa kwetu mfuko wa plastiki hauingii, kila kitu kinafungwa kwa karatasi au kitambaa. Gasana aliniletea bastola moja ya kupimia, akaniambia anataka mfuko wa kitenge unaobana, halafu ushonwe pande zote, usiwe na mdomo. Msafiri asiufungue njiani akakwaruza rangi.

"Gasana, hii kitu ina sura mbaya," nilimwambia.

"Iko mbao, Mama Mucyo. Nikichonga ng'ombe, anatoa maziwa?"

"Hatoi."

"Basi na hii haitoi risasi."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na siku hiyohiyo nikamshonea kumi. Nilijiambia mimi ni fundi wa kitenge, mambo ya ndani ya kitenge si yangu. Maneno hayo ni matamu sana mtu akiwa na kazi mkononi.

Maonyo tuliyapata, msidhani Mungu hakutupa maonyo. Siku moja mama mmoja wa umri wangu alikuwa anapita na kikapu chake, akaona ile rafu ya juu. Alikaa chini palepale kando ya barabara. Hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, mpaka Shakira akamletea maji. Watu wa umri wetu katika mji huu, tulioishi wakati wa mauaji, hawahitaji kuelezwa mama yule aliona nini. Gasana alifunika rafu kwa shuka mpaka mama alipoondoka, kisha akaifunua.

Mara nyingine akarudi mteja mwenye suti, jasho linamtoka, anatukana kwa lugha tatu. Alikuwa ameweka bastola yake kwenye mkoba wa mkononi. Mashine ya kukagua mizigo ikaiona, wakamsimamisha, maswali yakawa marefu, ndege ikamwacha. Gasana alimpa ng'ombe bure kumpoza. Tangu siku hiyo kila aliyenunua aliambiwa, "Weka kwenye begi kubwa. Begi kubwa, si la mkononi." Alilisema hilo mara nyingi mpaka akaamini kuwa limemaliza tatizo.

Shakira hakuamini. Usiku na mchana alimwambia mume wake arudi kwenye ng'ombe.

"Wewe unauza kitu ambacho mtu lazima akifiche ndipo asafiri," alimwambia mbele yangu. "Kitu cha namna hiyo ni cha kuuzia wasafiri?"

"Ng'ombe hawakuezeka hii nyumba, sha. Angalia juu, hilo bati umelipata kwa pesa ya nini?"

Shakira aliangalia juu, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Na mimi nikaaga. Tulikuwa watu watatu wenye akili timamu ndani ya nyumba ile, na bati likatushinda.

Sasa nikufikisheni kwenye hija. Ulipofika wakati, Mukandekezi alizunguka Kimironko nzima kuomba msamaha, kama inavyompasa mtu anayekwenda safari ile. Alikwenda kwa wauza nyanya aliowahi kugombana nao, kwa mwenye nyumba wake, kwa dereva wa pikipiki aliyemwaga gunia lake mwaka sijui gani. Alikuja na kwangu. Nikamwambia hujanikosea kitu, akasema nisamehe hivyohivyo. Nikamsamehe.

Siku moja kabla ya safari nilikuwa chumbani kwake nampima gauni jeupe, nina pini mdomoni. Gasana akabisha. Hakuvuka kizingiti, alisimama mlangoni kwa adabu, ameshika kifurushi kwa mikono miwili.

"Mabukwe," alisema, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, "iko mzigo mdogo. Kuna kijana wetu kule Jedda, anaitwa Bayingana, atakuja kuuchukua hotelini kwenu. Uuweke kwenye begi kubwa."

Mukandekezi alifuta mikono yake, akaupokea kwa mikono miwili. "Umefika, mkwe wangu," alisema. Hakuuliza kuna nini. Nani kwetu anamuuliza mkwe wake kuna nini?

Mimi niliutambua. Kitenge cha manjano chenye majani ya bluu, mshono wangu wa nyuzi mbili. Nikatema pini, nikatoka nje nikamfuata Gasana.

"Ndani kuna ile?"

"Ile ndogo. Bayingana anataka awaonyeshe wenzake kazini. Wakiipenda, wataagiza nyingi."

"Gasana, kwenye hija?"

"Itakaa kwenye begi kubwa. Nimemwambia, umesikia mwenyewe. Iko mbao, Mama Mucyo."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopaswa kurudi ndani, kuchukua mkasi, na kukipasua kile kifurushi mbele ya mwenyewe. Mkasi ulikuwa shingoni mwangu, unaning'inia kwenye kamba yake. Lakini nilikuwa na magauni matatu ya kumaliza, miguu inaniuma, na niliona aibu kumvunjia Gasana heshima kwa mama mkwe wake. Nikarudi nikaendelea na pindo. Mukandekezi aliniuliza kama mkwe wake ameondoka bila kunywa kitu, nikasema ana haraka.

Ndege ilikuwa ya saa nane mchana. Tulimsindikiza watu kumi na wawili kwa gari mbili, Shakira amekaa karibu na mama yake anamshika mkono. Gasana hakuja, alikuwa ameshaaga, na siku hiyo wageni wa mkutano walikuwa wanaondoka, kibanda kina watu. Getini tulishushwa kama kawaida, mizigo ikapangwa chini, mbwa akanusa akapita. Mbwa ananusa baruti, na mbao haina baruti. Mukandekezi alitukumbatia mmoja mmoja. Akaingia ndani na msafara, sisi tukabaki nje tunaangalia mlango, kama watu wasiotaka harusi iishe.

Haikupita nusu saa, akatoka Shyaka, kiongozi wa msafara, mtu mpole anayefundisha watoto Kurani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani kati yenu anajua mzigo wa kitenge cha manjano?"

Mimi niliinua mkono.

Yaliyotokea ndani alitueleza kwa haraka. Mukandekezi hakuweka kile kifurushi kwenye begi kubwa. Aliambiwa, alisikia, lakini hakuweka, na ukimjua utaelewa. Kwake kile kilikuwa amana, tena amana ya mkwe. Begi kubwa unalikabidhi kwa watu usiowajua, linakwenda chini ya ndege, na pengine linapotea. Amana haikai huko. Alikuwa ameiweka kwenye mkoba wake wa mkononi, chini ya msala, ameibana kwapani tangu nyumbani. Mashine ikaonyesha bastola yenye bomba la chuma, imeshonwa ndani ya nguo pande zote, ndani ya mkoba wa bibi kizee.

Wakamuuliza, "Mzigo huu ni wa nani?"

Akasema, "Ni wangu."

"Nani amekupa?"

"Ni wangu."

"Ndani kuna nini?"

"Sijui."

Hebu fikirieni nyinyi ndio askari mnasikia jibu hilo.

Shyaka alikuwa ameshampigia Gasana, maana alimjua kuwa ni mkwe wa mzee na anachonga. Gasana alikuwa amesema, "Nakuja." Kutoka Sonatubes mpaka pale, kwa pikipiki, ni dakika kumi, tuseme kumi na tano kukiwa na msongamano. Ilikuwa saa sita na robo. Tulikuwa na muda, na Shyaka alisema hivyo, "Akija sasa hivi, muda upo."

Niliomba kuingia. Walinipeleka kwenye chumba kidogo chenye meza na viti vitatu. Mukandekezi amekaa wima, mkoba mapajani, na juu ya meza iko ile kitu nyeusi, na kitenge changu kimepasuliwa kando yake. Afisa alikuwa msichana mdogo, mwenye adabu, angeweza kuwa mwanangu.

"Huo mfuko nimeshona mimi," nilisema. "Hiyo ni ya mbao, ni pambo. Anachonga mkwe wake. Mama huyu hakujua kuna nini."

Msichana alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini wewe si mwenye mali. Yeye anasema ni yake, na hajui ni nini. Siwezi kumpandisha ndege hivyo. Mwenyewe aje, aseme ni yake, atuonyeshe anakozitengeneza. Nitaandika, mzee ataondoka na wenzake."

Nikamgeukia Mukandekezi. Nikapiga magoti, jamani, juu ya sakafu ile.

"Sema ni ya Gasana. Neno moja tu."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Mkwe wangu nimtaje mbele ya askari? Amenipa amana kwa mikono miwili." Kisha akanishika bega, ananituliza mimi. "Usiwe na haraka. Amesema anakuja. Atakuja mwenyewe aseme."

Basi tukamngoja mwenyewe.

Shakira, huko nje, alipiga simu. Ikaita. Akapiga tena, ikaita. Mara ya sita ikawa imezimwa. Saa saba ikapita. Shyaka aliingia, akatoka, akaingia, anaangalia saa yake anaangalia mlango. Alikuwa na mahujaji wengine thelathini ndani. Mukandekezi alikuwa anavuta tasbihi polepole, na kila mlango ulipofunguka aliinua uso. Saa saba na nusu Shyaka alikuja akamwinamia.

"Mama, nimejaribu. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema. "Nenda. Waniombee huko."

Kisha akaikunja tasbihi, akaitia mkobani. Nilimshika mkono, na tukakaa hivyo mpaka saa nane ikafika na kupita.

Gasana alifika saa nane na nusu.

Alifika amelowa jasho, mikono na shati vimejaa vumbi la mbao. Alisema yote, bila kuulizwa mara mbili. Ni yangu, nimechonga mimi, nimempa mimi, hakujua. Alilia. Yule msichana aliandika, kisha akamuuliza swali moja tu, bila hasira. "Ulipigiwa simu saa sita na robo. Ulikuwa wapi?"

Hakujibu pale. Alimjibu Shakira baadaye, nyumbani, na Shakira akaniambia mimi. Alipopokea simu aliogopa. Alidhani askari watakuja kwenye kibanda na kuchukua kila kitu, kwa hiyo akasema atatoa bidhaa kwanza, dakika tano tu, ndipo aende. Alikuwa na bastola arobaini na mbili. Akazitia kwenye magunia, akazipeleka kwa mchomeleaji, mchomeleaji akakataa, akazirudisha, akazificha chini ya kitanda cha watoto. Simu ilipozidi kuita akaizima ili afanye haraka. Kila kipande alichotia kwenye gunia kilikuwa dakika ya mama mkwe wake, na alijua. Alisema alijua.

Mwisho askari walikwenda jioni ileile wakazichukua zote, arobaini na mbili, kutoka chini ya kitanda. Gasana alihojiwa siku mbili, akaonywa, akaachiwa. Mukandekezi waliyemwachia alasiri alirudishwa Kimironko, kwenye mtaa alioomba msamaha nyumba kwa nyumba, begi lake kubwa nyuma ya gari. Watu walitoka milangoni wakamwangalia akishuka. Ule ulikuwa msafara wa mwisho. Hakukuwa na ndege nyingine ya kumfikisha kabla ya siku ya Arafa, na alicholipa hakikurudi.

Gasana aliacha bastola. Sitaki mseme kwamba ana moyo mbaya, kwa sababu hana, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Kitu kimoja alichobakiza ni fungu la faida ya bastola, alikuwa ameliweka kando kwa ajili ya kupanua kibanda. Miezi mitano baadaye alilichukua lote, akaongeza, likatimia nauli na gharama za hija ya mwaka unaofuata. Akaja nalo kwa Mukandekezi, amevaa kanzu, mimi na Shakira tukiwa mashahidi. Alisimama mlangoni, hakuvuka.

"Mabukwe, nimekuletea hija yako."

Mukandekezi aliangalia bahasha. Sijawahi kumsikia akimuuliza mkwe wake swali, na siku ile aliuliza.

"Nisamehe nikuulize, mkwe wangu. Mimi yangu ilikuwa ya maharage. Hii ni ya nini?"

Tulikuwa tunamwangalia Gasana sote watatu. Angeweza kudanganya, angesema ni ya ng'ombe. Nampa heshima yake, hakudanganya. Aliinamisha kichwa.

"Basi siwezi kwenda nayo mbele ya Mungu," Mukandekezi alisema kwa upole kabisa. "Itumie kwa watoto wako. Mimi nimekusamehe siku ileile, kwenye kile chumba, kabla hujafika. Hilo lisikusumbue."

Jumatatu iliyofuata nilifika sokoni nikakuta gunia la maharage pale pa zamani. Yupo. Miaka sabini na mbili, alikuwa ameshaaga soko, ameshawapa wenzake mizani na kopo lake, sasa ameazima mizani ya mtu. Anaanza upya, kidogo kidogo, kama alivyoanza akiwa na hamsini na tatu. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, Gasana anakuja kumbebea gunia kutoka kwenye gari mpaka mezani. Yeye anamwambia, "Asante, mkwe wangu." Gasana anasema, "Siku njema, Mabukwe." Hakuna kingine kati yao.

Miaka kumi na minane, jamani. Piga hesabu uone atakuwa na umri gani. Mimi nimepiga, Gasana amepiga. Nadhani na yeye mwenyewe amepiga, na bado anapima maharage.

MAFUNZO YA KISA HIKI

Enyi mnaouza vitu vya kumbukumbu karibu na uwanja wa ndege, mliopo Sonatubes, mliopo Kimihurura, na mliopo popote: msimuuzie msafiri kitu chenye sura ya silaha. Iwe ya mbao, iwe ya plastiki, iwe ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo. Mashine haijui mzaha, na askari hana haki ya kubahatisha. Wewe utabaki kwenye kibanda chako na pesa yako. Atakayebaki chini ndege ikipaa ni mwingine, na hujui alikuwa anakwenda kwenye harusi, kwenye mazishi au mbele ya Mola wake. Nchi hii ina ng'ombe, ina vikapu, ina korongo. Kama mikono yako ina baraka, tafadhali chonga hao.

Nanyi mnaosafiri, hasa nyinyi mama zangu wenye heshima nyingi: mzigo ulioshonwa usiupokee. Mkwe asichukie, mwambie mbele ya watu, "Ufungue, niuone, ndipo niubebe." Heshima isiyoweza kustahimili swali moja dogo itakuja kukugharimu kitu kikubwa, na atakayelipa si yule aliyekuwa anaogopa kuulizwa.

Kwa Gasana, na kwa kila mwanamume anayejua amekosea: ukipigiwa simu kwamba mtu ameshikwa kwa kosa lako, nenda. Acha bidhaa, acha kibanda wazi, nenda hivyohivyo na vumbi lako. Kusema "ni yangu" kuna wakati wake. Saa sita na robo kungemfikisha mama yule Maka. Saa nane na nusu kulikuwa maneno tu.

La mwisho ni langu, na sikuona nani mwingine wa kumpa. Nilikuwa najua. Nilikuwa na mkasi shingoni na nilikuwa najua, nikarudi kwenye pindo kwa sababu nimechoka. Sote tumechoka. Hakuna mtu katika mji huu asiyechoka. Lakini uchovu wangu ulikuwa wa siku moja, na wake sasa naukuta mbele yangu kila asubuhi, unapima maharage ya watu na kunisabahi kwa jina.